Mstari wa Sita

Mbazi alikuwa amelala wima. Nilimkuta kwenye Kisima cha Tatu, mkono bado umeshika usukani wa valvu, kidevu kimekutana na kifua, na mshale wa kipimo cha mvuke umeshaingia kwenye wekundu. Nilimsukuma pembeni, nikaukamata usukani kwa mikono miwili na kuuzungusha mpaka ngurumo ndani ya bomba ikatulia. Wenzake wawili walisimama mbali wakitazama. Hao ndio walioniita, na hawakuniita kwa ajili ya valvu.

"Shemeji," Mbazi alisema akifumbua macho, "nimelala tena?"

"Umelala tena."

"Nilijiambia leo silali." Alijipiga kofi shavuni, kofi la kweli. "Nimetoka kitandani sasa hivi. Chai ya Mama bado ya moto tumboni."

Hilo ndilo lililowaudhi watu. Ilikuwa zamu ya kwanza, jua la alasiri ndiyo kwanza linapoa, na Mvukeni nzima, inayolala mchana wa joto na kufanya kazi usiku, ilikuwa imetoka kulala. Mtu anayesinzia mwisho wa kazi utamhurumia. Anayesinzia na alama za mto bado ziko usoni utamwita mvivu, na Mbazi alikuwa ameshaitwa hivyo na kila mwenye mdomo.

Nilimwinamisha kichwa nikalitazama bandiko lake kisogoni. Lilikuwa limeshika vizuri, halijakauka, halijachanika. Kila mtu hapa analo. Wakati wa kazi linanyonya uchovu mwilini mwako na kuupeleka kwenye ghala la nyumba yako. Ukilala linakurudishia fungu, sawa na la kila mtu mnayekula naye chungu kimoja. Aliyeinua vyuma na aliyemenya viazi wanabeba mzigo uleule, tena wakiwa wamelala, wakati mwili hauna kazi nyingine. Ndiyo maana sisi wachache tunaweza kulinda visima ambavyo havina siku ya mapumziko.

"Linakubana?"

"Halinibani. Linanimwagia." Alitafuta neno. "Ni kama mtu ananitua gunia la mchanga mgongoni. King'ora cha kwanza kikilia tu, puu. Halafu nikienda kulala, gunia jingine."

"Magunia mawili?"

"Nimemwambia kaka yako. Amesema kila mvivu ana hesabu zake."

Kaka yangu Zakayo ni mwenyekiti wa kamati ya zamu, na kamati ilikuwa imemwita Mbazi keshokutwa baada ya kulala. Sote tulijua maana yake. Anayefutwa kwenye jedwali la zamu hana kitanda wala sahani Mvukeni. Hupandishwa lori la chumvi, akashushwa barabara kuu na ajitafutie. Mbazi alikuja hapa kwa kumfuata mkewe, mdogo wangu Ndeshi. Ndeshi alipofariki akabaki, kwa sababu Mama alimshika mkono pale makaburini akamwambia abaki.

"Mimi ndiye fundi wa majedwali," nilimwambia. "Nitaangalia."

Nilisema hivyo kama mtu anavyosema tutaonana. Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nachoka kila siku katikati ya kazi, zamu ya nne ikiingia tu, mpaka nikawa nalaza kichwa mezani, na nilikuwa nimeshaamua kuwa ni uzee.

* * *

Zamu ya sita ni ya chakula. Nilipofika nyumbani Mama alikuwa jikoni, amejifunga kanga kiunoni, anasonga ugali wa watu wanane mwenyewe.

Naomba nieleweke: kabla ya masika Mama alikuwa mtu wa kugeuzwa kitandani. Moyo wake haukuweza fungu. Kila siku lilipomshukia usingizini tuliamka tukisikiliza kwanza kama anapumua. Ndipo Zakayo akataka tufuate desturi ya watu wa mwanzo wa Mvukeni, kwamba mgonjwa huandikwa mwisho kabisa, ili mzigo ukishuka kutoka mstari hadi mstari umfikie umeshapoa. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa ufundi wakati huo, nikacheka. Uchovu si uji. Lakini fundi aliyenitangulia, siku zake za mwisho kabla ya kustaafu, alimhamisha Mama akawa wa nane, chini ya watoto na wakwe. Mama akainuka. Kwanza akakaa, kisha akasimama, kisha akataka mwiko wake. Sikucheka tena.

Tangu hapo alijipa kazi. Alichukua chupa ya chai akawa anaizungusha kazini kwetu sote, zamu kwa zamu, akirudi na habari za mji mzima.

Tulikula. Zakayo alikuwa mbele yangu na tonge mkononi, na tonge halikufika. Kope zilimshuka. Kilango, binti yake wa mwisho, aliyeingia jedwalini mwaka huu, naye alikuwa ameegemea ukuta anakoroma kidogo.

"Watazame," Mama alisema akicheka. "Nyumba hii mnasinzia kwa foleni. Zakayo kwenye sahani. Mkewe zamu ya tano, nimemkuta ameangukia ukili wa mkeka wake. Wewe, Namkunda, ya nne, nikikuletea chai nakuta mate yameshalowesha meza."

"Mama!"

"Nadanganya? Wale watoto wa kaka yako, mkubwa ya tatu, mdogo ya pili. Na mkwe wangu maskini, ya kwanza. Mimi bibi kizee ndiye nimebaki macho. Silali mpaka nitake."

Mbazi aliinamisha kichwa. Mke wa Zakayo akacheka, na wale vijana wakacheka. Mimi niliuweka mkono sahanini na sikuutoa.

Sita. Tano. Nne. Tatu. Mbili. Moja. Ilikuwa ngazi, na tulikuwa tumepangwa juu yake kama tulivyoandikwa: Zakayo, mkewe, mimi, wanawe wawili, Mbazi. Uchovu wa kweli haujui kupanga mstari namna hiyo. Hiyo ilikuwa kazi ya mashine.

* * *

Ofisi ya majedwali ni chumba kimoja nyuma ya tangi la maji, chenye feni isiyozunguka na mashine iliyonizidi umri. Wengine wote walikuwa wamelala, jua la nje likichoma mabati. Mimi sikuwa na usingizi. Fungu langu lilikuwa limeshaniangukia zamu ya nne.

Programu ya Mvukeni iliandikwa na watu wa mwanzo kwa lugha ya C, na lugha hiyo haimbembelezi mtu. Sisi tukilitazama jedwali tunaona mistari na vyumba: kila mtu ana mstari wake, kila zamu ina chumba chake. Mashine haioni hivyo. Yenyewe ina vyumba vilivyofuatana, kimoja baada ya kingine, mtu wa kwanza akiisha anaanza wa pili, bila ukuta katikati. Ukiipa jedwali fanksheni, yaani kipande cha programu chenye kazi moja, si jedwali lenyewe unalokabidhi. Unaionyesha mlango wa chumba cha kwanza, basi. Idadi ya watu unaitajia hapohapo, nyumba hii wanane, ile wanne. Lakini upana wa mstari, yaani kila mtu ana vyumba vingapi, lazima iwe imeandikiwa tangu mwanzo, maana ndio inaoutumia kujua huyu anaishia wapi na yule anaanzia wapi.

Nilifungua faili ambalo nadhani halikuwa limefunguliwa tangu Zakayo akiwa kijana. Fanksheni ya kugawa mizigo ilianza hivi:

void gawa(int watu, int mzigo[][6])

Sita. Zamani siku ilikuwa na zamu sita, na ya sita ilikuwa ya kulala. Masika kamati ikaongeza ya saba ili visima vipate watu zaidi, na kulala kukasogea mwisho. Fundi aliyenitangulia aliongeza upana wa jedwali. Hii hakuigusa. Niliijenga programu upya bila kuiendesha, nikaona onyo likitokea: jedwali unaloleta si la upana ninaoujua. Bila shaka na yeye alioneshwa. Lakini kompaila yetu, inayogeuza maandishi kuwa programu, huonya kisha huendelea na kazi, kama shangazi anayekukataza kwenda ngomani huku anakufunga kanga vizuri.

Nikahesabu kwa kidole. Fanksheni inachukua uchovu wote wa nyumba, inaukata mafungu sawa kwa idadi ya watu, na kila fungu inalitia kwenye chumba inachodhani ni cha mwisho cha mtu, chumba cha kulala. Ilianza na Zakayo, ikahesabu sita, ikaweka. Chakula, si usingizi, lakini mtu mwenye shibe hashangai. Ikahesabu sita nyingine. Kwa kuwa chumba kimoja cha Zakayo kilikuwa kimebaki nyuma, ilimwangukia mkewe zamu ya tano. Sita nyingine, mimi, zamu ya nne. Kila mtu anarithi kosa la aliye juu yake na kuliongeza lake. Kijana mkubwa, ya tatu. Mdogo, ya pili. Mbazi, ya kwanza kabisa, mkono ukiwa kwenye valvu.

Halafu ikahesabu sita tena, na kidole changu kikasimama kwenye chumba cha saba. Cha Mbazi huyohuyo.

Magunia mawili. Mtu alisema kweli tupu, na sisi tukamwita mvivu kwenye meza yake mwenyewe.

Fungu la nane lilimwangukia Kilango, na mafungu yakaisha. Mstari wa Mama fanksheni haikuufikia kabisa. Ilisimama mlangoni kwake ikijua imemaliza kazi.

Nilikaa. Nyumba nyingi za Mvukeni zina watu wanne au watano. Huko kosa linamchosha mtu mapema kidogo, naye analaumu joto. Na wanaosikilizwa kwenye kamati wote ni wakuu wa nyumba, mistari ya kwanza, ambao kosa huwagusa wakati wa kula tu. Nani angeona?

Mtu wa mbali angeniambia nijaribu kwanza kwenye nakala. Mashine hii haina nafasi ya nakala. Na fanksheni ikishaonyeshwa mlango haitengenezi jedwali la pembeni la kuchezea. Inachoandika inakiandika kwenye lilelile, na lilelile limeunganishwa na visogo vya watu. Kujaribu ni kutenda.

Niliandika saba. Tarakimu moja. Nikaitazama, nikamwona Mama amebeba sufuria. Nikafuta, nikarudisha sita, nikamwona Mbazi anajipiga kofi. Mwisho nilifunga mashine nikalia kidogo, bila bidii, maana hata kulia kunataka nguvu.

* * *

Niliporudi nyumbani jua lilikuwa linaanza kulegea. Zakayo alikuwa jikoni peke yake, amefunga shuka, anasubiri chai. Mama alikuwa ameshatoka kwenda bombani. Ile fanksheni, gawa, huendeshwa mara moja kwa siku, king'ora cha zamu ya kwanza kinapolia, kwa hiyo sikuwa na muda wa kuzunguka.

Nilichukua maharage yaliyokuwa yanasubiri kuchambuliwa nikayapanga mezani, mistari minane ya punje saba. Zakayo si mjinga. Nilimwonyesha mara moja, nikampa punje nyeusi nane za kuweka kila anapohesabu sita, na kidole chake kinene kikafuata mpaka mwisho. Alipoweka ya pili kwenye mstari wa Mbazi alinitazama. Alipofika kwa Mama akiwa hana punje mkononi, hakunitazama.

"Kwa hiyo Mama hajabeba kitu tangu masika."

"Hajabeba, kaka."

"Na ndiyo maana anatembea."

"Ndiyo."

"Basi acha."

"Mbazi anabeba mawili, moja akiwa kwenye mvuke. Jana nimekuta mshale kwenye wekundu. Kisima kile kikipasuka hakitauliza nani ni mvivu."

"Mbazi kesho anafutwa. Shida imekwisha."

Niliufagia mstari wa Mbazi kwa kiganja, maharage yakadondoka sakafuni. "Hesabu sasa."

Alihesabu. Alirudia. Mara zote mbili punje mbili ziliangukia mstari mmoja, na ulikuwa wa Kilango, ambaye bila Mbazi ndiye wa sita. Mama, hata akiwa wa saba, alibaki mtupu.

"Basi mwandike mtu mwingine hapo," alisema polepole. "Mgeni. Wapo wanaoomba nyumba kila siku."

"Umejisikia ulichosema?"

"Nimejisikia!" Alipiga meza, maharage yakaruka. "Unataka nisemeje? Unataka kumuua Mama kwa ajili ya shemeji?"

Swali hilo nilikuwa nimejiuliza mwenyewe kule ofisini, kwa maneno mabaya zaidi.

"Mpe msamaha," nilisema. "Wewe ndiye mwenyekiti. Mwondolee fungu kwa ugonjwa, waziwazi, nami niandike saba."

Zakayo alifunika uso kwa mikono. Aliongea akiwa humohumo. "Sekiba alikuja hapa kumwombea mama yake msamaha. Alikaa hapo ulipokaa. Nikamwambia ukimsamehe mmoja, kesho kila nyumba ina mgonjwa wake, na visima nani atavilinda. Nilisema vizuri sana siku ile. Tulimzika yule mama kabla mahindi hayajakomaa. Sasa niende kumwambia Sekiba kwamba mama yangu mimi ni tofauti?"

Nje ndoo iligonga ukuta. Hatukuisikia vizuri.

"Basi niandike fungu la Mama lije kwangu," nilisema. "Mawili, lakini usingizini. Nitayaweza."

"Usiandike," alisema Mama.

Alikuwa mlangoni na ndoo ya maji iliyojaa, kaibeba kwa mkono mmoja. Aliitua taratibu, akaja akavuta kigoda. Hatukumwuliza amesikia kuanzia wapi.

"Nionyesheni na mimi."

Niliokota maharage sakafuni nikaurudisha mstari wa Mbazi. Nikahesabu tena, sauti yangu ikienda kwa kuvuta mguu. Mama aliufuata mkono wangu mpaka chini.

"Huyu wa mwisho ni mimi?"

"Ndiyo, Mama."

"Sina hata moja nyeusi."

"Huna."

Alizisogeza zile punje zake saba kwa ncha ya kidole, akazipanga vizuri zaidi nilivyozipanga mimi. "Kumbe sikupona," alisema. Kisha baadaye kidogo: "Nilimpelekea chai. Kila siku, zamu ya kwanza. Nikamwambia, jikaze mwanangu, hata mimi bibi kizee nimejikaza nikainuka. Naye akanijibu, ndiyo Mama."

Zakayo alisema, "Mama, hukujua."

"Sasa najua."

"Moyo wako hautaweza."

"Moyo wangu naufahamu. Nilikuwa nao kabla yako." Akanigeukia, na niliona ana hasira, hasira ya zamani ya utotoni kwetu, ambayo ugonjwa ulikuwa umeizima. "Tangu masika natembea kwa miguu ya mkwe wangu. Na wewe sasa unataka nitembee kwa yako? Halafu ya nani? Ya Kilango?"

Alitazama mwanga wa mlangoni.

"King'ora bado?"

"Bado kidogo, Mama."

"Basi nenda. Acha haya maharage, nitayachambua mimi."

Nilimtazama Zakayo anizuie. Alikuwa anakusanya punje nyeusi mezani, moja moja, kiganjani.

* * *

Nilikimbia, na sikumbuki mara ya mwisho nilikimbia lini. Niliandika saba. Nikaijenga programu upya, na safari hii kompaila haikusema neno. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe king'ora kilipoanza kulia, na nikabonyeza, na mahali fulani ndani ya chuma hicho jedwali lilelile moja likaandikwa upya, vyumba vya watu wote wa Mvukeni, na wa Mama.

Siku hiyo ilikuwa ya ajabu kwa namna ambayo hakuna aliyeisema. Nilipita Kisima cha Tatu nikamkuta Mbazi amesimama, macho makavu, mshale kwenye kijani. Mama alikuwa hapo na chupa yake. Alikuwa amemmiminia chai, na alikuwa anaongea chini chini, na Mbazi anatikisa kichwa kukataa.

"Mngeniacha tu, Mama," nilimsikia. "Nilikuwa nimeshazoea."

"Ndiyo maana sikukuacha," Mama akasema, na akamshikisha kikombe kwa mikono yake yote miwili.

Zamu ya nne ilikuja. Nilijiandaa, nikasogeza karatasi mezani nisizilowanishe. Hakikuja kitu. Nilikaa wima nikitazama ukuta, mwili mwepesi, nikiwaza kwamba miezi yote hii nilidhani nazeeka.

Wakati wa chakula Zakayo hakusinzia. Alikula mpaka akamaliza, akanawa, ndipo akasema bila kumtazama mtu, "Kesho shauri la Mbazi halipo. Lipo la mama yake Sekiba."

"Mama yake Sekiba ameshafariki, baba," Kilango akasema.

"Najua. Nilikuwepo." Alifuta mikono. "Lipo. La wagonjwa wote. Sijui watakubali. Mimi ndiye niliyewafundisha kukataa."

Kamati ikikubali ingekuwa baada ya wiki, baada ya vikao, baada ya maneno. Mama alikuwa na siku hiyo tu.

Kwa hiyo nilipanga nisilale. Niliweka kiti kando ya kitanda chake, beseni la maji, kitambaa, na dawa zake za moyo ambazo tulikuwa tumezisahau kabatini. Alijilaza mwenyewe, akanyoosha kanga yake. Nje jua lilikuwa limeshakuwa kali na mji unafunga milango.

"Utakaa hapo?" aliniuliza.

"Nitakaa hapa. Nitakuangalia mpaka uamke."

"Haya," alisema, na akatabasamu, kwa kuwa alikuwa amelielewa jedwali kuliko mimi.

Nilimshika mkono. Ulikuwa wa moto na wenye nguvu. King'ora cha saba kikalia, na nikaona uso wake ukishuka, mashavu kwanza, kisha mdomo, kama mtu aliyepokezwa mzigo mlangoni. Niliinuka nichukue kitambaa. Ndipo fungu langu likanishukia, mahali pake hasa, wakati wake hasa, kama nilivyoliandika mwenyewe. Nilijikuta sakafuni. Nilikumbuka kwamba Zakayo amelala, na mkewe, na vijana, na Kilango, na Mbazi. Kwamba kwa mara ya kwanza tangu masika nyumba yetu nzima imelala kwa wakati mmoja na hakuna hata mmoja wa kumsikiliza Mama akipumua. Nilitaka kupiga kelele. Nililala.

Niliamka nikiwa sakafuni, kitambaa kikavu mkononi. Chumba kilikuwa na mwanga wa alasiri. Sikuthubutu kugeuka.

"Shemeji ameamka, Mama," sauti ya Mbazi ilisema.

Alikuwa amechuchumaa upande wa pili wa kitanda, ameshanawa uso, chupa ya chai kando yake. Mama alikuwa macho. Midomo imekauka, macho yameingia ndani, na uso ni uleule wa kabla ya masika, uso wa mtu wa kugeuzwa. Nilimtafuta mshipa mkononi. Ulikuwapo, unachechemea. Alijaribu kuinua kidole, kikakataa, akaacha.

Aliyazungusha macho taratibu mpaka yakampata Mbazi.

"Umelala?"

"Nimelala, Mama."

"Kweli?"

"Kweli. Hata ndoto sikuota."

Alifumba macho. Tulisubiri mpaka kifua kilipoinuka tena.

"Basi chai leo," alisema, "utaizungusha wewe."

Mbazi alisimama akaichukua chupa. Mimi nilivuta kiti karibu zaidi, nikalowesha kitambaa, nikaanza kumpangusa midomo.